Vijaluba vya Dresden na Vijitabu Vyake

Kijaluba cha ugoro cha aina iliyopewa jina la "kabati la mawe" ni kazi ya Dresden, mji mkuu wa Saksonia, na kilele chake kilikuwa kati ya 1770 na 1790. Umbo lake ni la duara au la yai, upana wake mara nyingi ni sentimeta 7 au 8, na hukaa vizuri kiganjani. Kiunzi ni cha dhahabu. Kifuniko, ubavu na kitako vimegawanywa kwa kuta nyembamba za dhahabu, na kila kichumba kimejazwa kipande cha jiwe gumu kilichokatwa kwa kipimo chake: akiki, yaspi, kalkedoni, amethisto, mti uliogeuka jiwe. Vipande huanzia katikati, palipo na ua au picha ndogo, vikasambaa kwa safu zinazozidi kupanuka mpaka ukingoni. Pembeni mwa kila kipande, juu ya ukuta wa dhahabu, imechorwa nambari ndogo ambayo mtu mwenye macho ya kawaida huisoma kwa taabu. Ndani ya kijaluba, katika sehemu ya siri, hukaa kijitabu kinachotaja jiwe la nambari 1 ni lipi na limetoka wapi, kisha la nambari 2, na kuendelea hivyo mpaka la mwisho.

Kijitabu hicho ndicho kilichopuuzwa. Vijaluba vingi vimefika karne ya 21 bila karatasi zake, na nambari zilizobaki juu ya dhahabu hazina tena orodha ya kuzijibu. Wauzaji wa vitu vya kale na waandishi wa katalogi walivipanga vijaluba pamoja na pete na saa, wakasifu dhahabu na ufundi, wakakitaja kijitabu, kama kilikuwapo, kwa mstari mmoja mwishoni. Wezi nao huona vivyo hivyo: waliovamia jumba la makumbusho la Cognacq-Jay mjini Paris mnamo Novemba 2024 waliondoka na vijaluba saba vya karne ya 18, na ni vigumu kuamini kuwa walifuata historia. Hata hivyo, kijitabu kikisomwa kama hati, kijaluba cha Dresden hubadilika. Kinakuwa tamko la nchi iliyotoka vitani ikiwa imefilisika, ikieleza kipande kwa kipande kilichomo ardhini mwake.

Usuli wa desturi yenyewe unajulikana. Tumbaku ilitoka Amerika; Jean Nicot, balozi wa Ufaransa nchini Ureno, aliipeleka kwa malkia Catherine de' Medici karibu na 1560; na kufikia karne ya 18 kunusa ugoro kulikuwa adabu ya kila kasri la Ulaya. Vijaluba vya Paris ndivyo vilivyoweka mtindo. Kwa kuwa kijaluba kilikuwa cha thamani na chepesi kubebwa, kikawa zawadi ya kidiplomasia: balozi aliyemaliza kazi yake alipewa kimoja kwa heshima, naye mara nyingi akakirudisha kwa sonara na kuchukua fedha taslimu, na sonara akakiuza tena kwa zawadi nyingine. Sanaa ya kupanga mawe nayo haikuzaliwa Ujerumani. Firenze ilikuwa na karakana ya watawala wa ukoo wa Medici tangu 1588, na wakata mawe wake walitengeneza ndege, matunda na mandhari kwa vipande vya mawe vilivyounganishwa bila mwanya.

Berlin pia ilikuwa na vijaluba vyake, tena maarufu kuliko vya Dresden. Friedrich wa Pili wa Prusia, aliyetawala 1740 hadi 1786, alikuwa mlevi wa ugoro na mkusanyaji wa vijaluba. Idadi zinazotajwa huanzia 300 hadi 1,500, tofauti inayotosha kuonyesha kwamba hakuna aliyehesabu. Alipiga marufuku uingizaji wa vijaluba vya Ufaransa ili kuwalinda mafundi wake, akawapa kazi kina Daniel Baudesson na Jean Guillaume George Krüger. Alipoiteka Silesia alipata pia migodi ya krisopraso, jiwe la kijani kibichi ambalo wasomaji wa Biblia hulikuta katika misingi ya Yerusalemu mpya, na ambalo leo huchimbwa pia Haneti, mkoani Dodoma. Masonara wa Berlin walilichonga krisopraso hilo kuwa kijaluba kizima, wakaweka jaribosi ya rangi chini ya almasi, wakaijaza almasi kila penye nafasi. Ni vitu vizito, vinavyong'aa kupita kiasi, na havina siri yoyote: mfalme alitaka kuonekana tajiri, akaonekana. Hadithi ya kijaluba kilichozuia risasi mwilini mwake katika mapigano ya Kunersdorf mwaka 1759 imevipa umaarufu ambao usanii wake peke yake usingeweza kuvipa.

Dresden ilifuata njia nyingine kwa sababu hali yake ilikuwa nyingine. Mwanzoni mwa karne Saksonia ilikuwa nchi ya fahari. August Mwenye Nguvu alifungua hazina yake, Grünes Gewölbe, ionwe na wageni katika miaka ya 1720, na kiwanda cha Meissen, kilichoanzishwa 1710, kilikuwa cha kwanza Ulaya kutengeneza vyombo vya kauri halisi iliyokuwa ikiagizwa kutoka China. Kisha vikaja Vita vya Miaka Saba. Majeshi ya Prusia yaliingia Saksonia mwaka 1756, yakaitoza nchi fedha na vijana, na mwaka 1760 mizinga yao ikaibomoa sehemu kubwa ya Dresden. Amani ilipopatikana mwaka 1763, dola lilikuwa na madeni makubwa, na mtawala mpya, Friedrich August wa Tatu, alikuwa mtoto wa miaka 12.

Mageuzi yaliyofuata ndiyo udongo ambamo kijaluba cha kabati la mawe kiliota. Washauri wa mtawala mdogo waliamini kwamba nchi isiyo na pwani wala makoloni lazima iishi kwa kilichomo chini ya miguu yake na kwa mikono ya watu wake. Mwaka 1765 Friedrich Anton von Heynitz na Friedrich Wilhelm von Oppel walianzisha Chuo cha Madini cha Freiberg, katika mji uliokuwa ukichimba fedha tangu karne ya 12. Mwaka 1774 Abraham Gottlob Werner alichapisha kitabu chake juu ya kutambua madini kwa sifa zake za nje, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha hapo, wanafunzi wakimfuata kutoka pande zote za Ulaya. Mwaka 1778 Johann Friedrich Wilhelm Charpentier, mwalimu wa chuo hichohicho, akatoa jiografia ya madini ya nchi za Saksonia pamoja na ramani iliyopakwa rangi kuonyesha mwamba gani uko wapi. Miaka hiyohiyo, mwendo wa siku moja tu kutoka Freiberg, masonara wa Dresden walikuwa wakikata mawe ya miamba ileile na kuyapa nambari.

Majina matatu hutajwa katika uvumbuzi wa kijaluba hiki. Heinrich Taddel alikuwa sonara na mkaguzi wa Grünes Gewölbe. Christian Gottlieb Stiehl, aliyezaliwa 1708 na kufa 1792, alikuwa mkata mawe wa ikulu. Wa tatu ni Johann Christian Neuber, aliyezaliwa 1736 huko Neuwernsdorf, kijiji cha milima ya Erzgebirge, mpakani na Bohemia. Neuber aliingia Dresden kama mwanagenzi wa sonara Johann Friedrich Trechaon mwaka 1752, akapata umahiri na uraia wa mji mwaka 1762, akarithi nafasi ya Taddel katika hazina mwishoni mwa miaka ya 1760, na kufikia 1775 alikuwa sonara wa ikulu.

Sifa yote imemwendea Neuber, na sababu ni rahisi. Alikuwa na duka, alikuwa na cheo, na baadhi ya kazi zake alizitia jina kwa Kifaransa, "Neuber à Dresde", kwenye ukingo wa dhahabu. Stiehl hakuacha sahihi za namna hiyo. Vijaluba vinavyohusishwa naye hutambuliwa kwa mkono wake: vipande vyake vimeungana kwa ukaribu zaidi, dhahabu ni haba, na jiwe linaachwa liseme. Wanaomtetea Neuber husema kwamba kuta za dhahabu ndizo zilizowezesha mawe mengi kukaa pamoja, na kwamba bila sonara kusingekuwa na kijaluba. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau ugumu ulikuwa wapi. Ukuta wa dhahabu huzungushwa na fundi yeyote aliyehitimu. Jiwe lenye ugumu wa akiki, ambalo kisu cha chuma hakilikwaruzi, linahitaji mtu wa namna nyingine kabisa. Yaelekea zaidi kwamba wazo la kukusanya mawe ya nchi katika kijaluba kimoja lilikua mezani pa wakata mawe, waliokuwa na masanduku yaliyojaa sampuli, na kwamba Neuber alilipokea, akalipa umbo la kuuzika, kisha akalimiliki. Kwa mfanyabiashara hilo si kosa. Ni kwa mwanahistoria tu kwamba tofauti kati ya aliyebuni na aliyetia sahihi ina maana.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Bonge la jiwe lilipasuliwa kwa msumeno usio na meno, yaani bamba la chuma lililopitishwa taratibu juu ya jiwe huku likilishwa maji na vumbi la madini magumu. Vumbi ndilo lililokata. Kipande kilichopatikana kilisagwa juu ya gurudumu la metali mpaka kikawa chembamba, kisha kikakatwa pembe zake kufuata kiolezo. Kwa kuwa safu za kijaluba cha duara hupanuka kuelekea ukingoni, kipande cha safu ya ndani hakiwezi kuhamishiwa safu ya nje. Kila kimoja kina nafasi moja tu. Ubavuni kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana huko jiwe lilipaswa kusagwa kwa mkunjo, mbonyeo upande wa ndani na uvimbe upande wa nje, na kosa dogo hulivunja. Baada ya hapo sonara aliingiza vipande katika vichumba, akasukuma midomo ya kuta juu ya kingo zake ili vishike, na kung'arisha dhahabu na jiwe kwa pamoja mpaka kidole kikipitishwa kisihisi mpaka kati ya kimoja na kingine. Ndani palitandikwa bamba la dhahabu, ili ugoro, ambao ni unyevu na wenye mafuta, usifikie migongo ya mawe. Mwisho zikachorwa nambari.

Mawe yalitoka sehemu zinazoweza kuoneshwa kwenye ramani mpaka leo. Halsbach, karibu na Freiberg, ilitoa akiki yenye mistari myekundu na myeupe iliyojikunja kama matumbawe. Schlottwitz, katika bonde la mto Müglitz, ilitoa akiki iliyovunjika ardhini zamani za kale kisha ikagandishwa upya na amethisto, hata vipande vyake vyenye mistari vikaonekana kuelea ndani ya zambarau. Amethisto yenyewe ilipatikana Wiesenbad na Wolkenstein. Yaspi ilitoka Gnandstein, akiki nyingine Rochlitz, na yakuti ya manjano ilitoka Schneckenstein, mwamba wa Vogtland uliokuwa maarufu Ulaya nzima. Kutoka Chemnitz yalikuja mabaki ya msitu uliofunikwa na majivu ya volkano mamilioni ya miaka iliyopita, mashina yake yakageuka jiwe bila kupoteza chembechembe za mti. Yakikatwa kwa upana, duara za shina huonekana wazi.

Kutokana na orodha za namna hii kumezuka mabishano juu ya maana ya kijaluba, na misimamo ni mitatu.

Wa kwanza unasema ni pambo. Mabwana walipenda vitu vidogo vya kupendeza, Dresden ilikuwa na mawe mazuri, basi. Msimamo huu hauna haja ya kujibiwa kwa kirefu: hauelezi kwa nini fundi ajisumbue kuchora nambari 70 au 100 na kugharimia kijitabu kwa ajili ya mnunuzi anayetaka rangi tu.

Wa pili ni wa heshima zaidi, na ndio unaotawala maandishi ya miaka ya karibuni. Unasema kijaluba ni jumba la makumbusho la mfukoni, mtoto wa sayansi ya Freiberg. Ushahidi wake ni wa kuvutia. Tarehe zinaoana: kitabu cha Werner ni cha 1774, na vijaluba vya nambari vinashamiri miaka hiyohiyo. Desturi ya kukusanya madini ilikuwa imeenea kwa wasomi na watawala. Nambari na orodha ndiyo mbinu ya kila kabati la sampuli la zama zile. Bwana aliyefungua kijaluba mezani angeweza kumwuliza mwenzake jiwe la 34 ni lipi, kisha akatoa kijitabu na kuthibitisha, na mazungumzo ya jioni yakawa somo.

Tatizo la msimamo huo huonekana mtu akichukua kitabu cha Werner na kijaluba pamoja. Werner alifundisha kwamba madini hutambuliwa kwa hisi zote: rangi na mng'ao, ndiyo, lakini pia namna yanavyovunjika, ugumu wake yakikwaruzwa, unga wake, uzito wake mkononi, ubaridi wake, hata harufu na ladha. Kijaluba kinazuia karibu yote haya. Jiwe lililosagwa likawa jembamba halina tena sura ya mvunjiko. Kingo zake zimefunikwa na dhahabu. Halipimwi uzito, na hakuna mwenye akili timamu atakayelikwaruza. Kilichobaki ni rangi na mng'ao, na mng'ao wenyewe umetokana na gurudumu la fundi. Zaidi ya hayo, mpangilio haufuati jamaa za madini. Nambari zinafuata nafasi kwenye kifuniko, na nafasi zimegawanywa kwa jicho la msanii: jekundu kando ya kijivu, lenye mistari kando ya lisilo na kitu. Akiki mbili zilizotoka machimbo jirani zaweza kuwa moja juu ya kifuniko na nyingine kwenye kitako. Mwanafunzi wa Freiberg asingejifunza kutambua madini kwa kifaa hiki hata akikaa nacho mwaka mzima.

Msimamo wa tatu hautafuti sayansi ya madini katika kijitabu, unatafuta jiografia. Kila mstari una sehemu mbili, aina ya jiwe na mahali, na sehemu yenye habari mpya ni ya pili. Majina ya aina hujirudia: yaspi, yaspi, akiki, yaspi. Majina ya mahali ndiyo yanayotofautisha kipande na kipande. Kinachoorodheshwa, basi, ni vijiji, mabonde na vilima vilivyo chini ya mtawala mmoja. Kitabu kinachofanana nacho zaidi ni kile cha Charpentier cha 1778, chenye lengo la kuonyesha miamba ya nchi iko wapi, kwa rangi. Ramani ya Charpentier ilipaka rangi juu ya karatasi. Kijaluba kiliweka rangi yenyewe ilivyotoka ardhini.

Pingamizi moja linastahili jibu. Utajiri wa Saksonia ulikuwa fedha ya Freiberg, bati la Altenberg na kobalti ya Schneeberg iliyotengeneza rangi ya buluu. Akiki na yaspi hazikuijaza hazina ya mtu. Kama lengo lilikuwa kutangaza mali ya nchi, mbona yalioneshwa mawe yasiyo na bei? Jibu liko katika mafundisho ya uchumi ya watu walewale waliofanya mageuzi. Kwao, mali ghafi ilikuwa mwanzo tu. Faida ya nchi ilipatikana pale malighafi ya bei ndogo ilipotoka nje ikiwa kazi ya mikono ya bei kubwa. Meissen ilikuwa imethibitisha jambo hilo kwa udongo. Akiki ya Halsbach, inayopatikana katika nyufa za miamba ya eneo lilelile la madini, ilikuwa jiwe ambalo mchimba fedha angeweza kulitupa kando. Ikipita mikononi mwa Stiehl na Neuber, iliuzwa kwa wageni pamoja na dhahabu yake. Fedha nayo ilikuwa na tangazo lake tayari, kwa kuwa kila sarafu ya Saksonia ilizunguka Ulaya ikiwa na sura ya mtawala.

Si kila kazi ya Neuber inaingia katika maelezo haya. Alitengeneza pia vijaluba visivyo na nambari, vyenye mashada ya maua ya feruzi na lulu, na vingine vyenye sanamu ya kichwa au picha ya kauri katikati. Hivyo ni mapambo, na anayevitazama kama mapambo hakosei.

Ushahidi mkubwa wa msimamo wa tatu si kijaluba bali ni meza. Desemba 1777 mtawala wa Bavaria, Maximilian wa Tatu Joseph, alifariki bila mrithi. Austria ikaidai sehemu ya nchi yake, Prusia ikapinga, na vita vikazuka mwaka 1778. Saksonia iliungana na Prusia, adui wake wa jana, kwa sababu mama yake Friedrich August alikuwa dada wa marehemu na alikuwa na madai yake katika urithi. Mapigano yenyewe yalikuwa madogo. Amani ilitiwa saini Teschen tarehe 13 Mei 1779 kwa usuluhishi wa Ufaransa na Urusi, na Saksonia ikapata fidia ya gulden milioni 6, fedha ambazo nchi hiyo yenye madeni ilizihitaji kwa udi na uvumba.

Msuluhishi wa Ufaransa alikuwa Louis-Auguste Le Tonnelier, Baron de Breteuil. Kumshukuru, Friedrich August hakumpa almasi. Alimwagiza Neuber amtengenezee meza, iliyokamilika mwaka 1780. Uso wake ni wa yai, umepangwa mawe 128 ya Saksonia yenye nambari, pamoja na picha za kauri ya Meissen zinazosifu amani, juu ya kiunzi cha mbao na shaba iliyopakwa dhahabu. Katika droo ya siri kilihifadhiwa kijitabu kinachoyataja mawe yote moja baada ya jingine. Kila kilichokuwa kikisemwa na kijaluba kwa sauti ndogo kilisemwa hapa kwa sauti kubwa: mtawala ambaye nchi yake ilitekwa miaka 24 tu kabla alimkabidhi mjumbe wa dola kubwa kipande cha kila mahali pa nchi hiyo, na orodha juu yake. Meza nyingi za kifalme za karne ile zilisifu ushindi. Hii ilisajili ardhi.

Miaka michache baadaye mikono ileile ya Neuber na Meissen iliungana tena katika kazi kubwa zaidi, meko ya kauri na mawe yaliyotengenezwa 1782 kwa ajili ya ikulu ya Dresden. Mwaka 1786 Neuber alitangaza bidhaa zake katika jarida la mitindo lililochapishwa Weimar: vijaluba vya mabwana na vya mabibi, vishikio vya bakora, minyororo ya saa, pete. Tangazo hilo linaonyesha kwamba ikulu peke yake haikutosha kulisha karakana. Linaonyesha pia kwamba mbinu ilikuwa imeshuka kutoka kwenye hati ya nchi hadi kwenye bidhaa ya duka. Mapinduzi ya Ufaransa yalipotikisa makasri yaliyokuwa yakinunua, na ugoro wenyewe ulipoanza kupitwa na wakati, soko lilinywea. Stiehl alikwisha fariki mwaka 1792. Neuber alifia Eibenstock, katika milima alikotoka, mwaka 1808, miaka miwili baada ya mtawala wake kupata cheo cha mfalme kutoka kwa Napoleon.

Karne ya 19 haina mengi ya kusimuliwa hapa. Vijaluba viliingia katika mikusanyiko ya matajiri, vingi vikatengana na vijitabu vyake, na masonara wa nyakati hizo hawakushindwa kuiga mtindo pale ulipokuwa na mnunuzi.

Kumbukumbu ilianza kurudi Walter Holzhausen alipochapisha kitabu chake juu ya Neuber mjini Dresden mwaka 1935. Miaka 10 baadaye mji huo uliteketezwa kwa mabomu. Meko ya 1782 yaliharibiwa vibaya, na hazina ya Grünes Gewölbe, iliyokuwa imefichwa, ikachukuliwa na jeshi la Kisovyeti na kurudishwa mwaka 1958. Mikusanyiko hiyo ilipata makao mapya katika kasri la Dresden mwaka 2004, na vyumba vyake vya kihistoria vikafunguliwa 2006. Mwaka 2012 maonyesho makubwa juu ya Neuber yalipita Dresden, jumba la Frick mjini New York, na Paris, yakifuatana na kitabu kilichohaririwa na Alexis Kugel, ambacho kiliziweka kazi za karakana hiyo pamoja kwa mara ya kwanza tangu Holzhausen. Meza ya Teschen ilibaki kwa ukoo wa Breteuil kwa zaidi ya karne mbili. Makumbusho ya Louvre yaliinunua mwaka 2015 kwa euro milioni 12.5, baada ya kuwaomba wananchi wa Ufaransa wachangie.

Vijaluba visivyo na sahihi bado vinaendelea kupewa jina la Neuber sokoni, kwa sababu jina hilo hupandisha bei. Kipimo cha haki zaidi ni kuviita kazi ya Dresden mpaka pawepo ushahidi wa mkono fulani, na ushahidi huo hautoki katika dhahabu peke yake. Panapokuwa na nambari, mpangilio wake hulinganishwa na ule wa vijaluba vyenye vijitabu. Upana wa kuta na namna ubavu ulivyosagwa hutenganisha mkono wa sonara na mkono wa mkata mawe. Na jiwe lenye sura isiyopatikana kwingine, kama akiki iliyovunjika ya Schlottwitz, hutaja chimbuko lake hata pale karatasi ilipopotea. Kijaluba chenye kijitabu chake cha asili ndicho msingi wa ulinganisho wote huo, ndiyo maana katalogi inayokitaja kijitabu kwa mstari mmoja humnyima msomaji sehemu kubwa ya kitu chenyewe.